Tiara ya Bwana Pieter na Omena wa Mama Mkwe

Kisegi,
Februari 1999.

Kwa Bwana Cephas Ombui,
Mwenyekiti, Kamati ya Bichi.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: KANUNI ZA USALAMA ZINAZOVUNJA NDOA

Natumaini mguu wako umepungua kuvimba. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, viwiko na ndoa.

Kama ujuavyo, Bwana Pieter, yule mgeni wa mradi wa visima, ananifundisha kurusha tiara yake kubwa, ambayo siku moja itanivuta juu ya maji nikiwa nimesimama kwenye ubao. Maji bado sijayafikia. Tumo katika masomo ya mchangani. Nalalamikia kanuni zake, maana aliyezitunga hakumfikiria mtu wa Kisegi.

1. Tiara ikikushinda nguvu, achia mpini unaoshika kamba zake. Mwenyekiti, nimevuta wavu ufuoni hapa tangu ujana, na ni wewe uliyetufundisha kwamba anayeachia kamba kabla wavu haujafika nchi kavu hana samaki siku hiyo. Alhamisi upepo ulipozidi, Bwana Pieter alipiga kelele niachie. Nikashika zaidi. Niliburutwa kwa tumbo kuupanda ufuo mzima, sikuachia, na hakuna hata mmoja aliyenipongeza.

2. Wasaidizi wasishike kamba. Joash na wavuvi wenzake waliponiona ninaburutwa walifanya walivyozoea: walizirukia kamba, wakajipanga mstari, wakavuta kwa wimbo. Kadiri walivyovuta ndivyo tiara ilivyozidi kushika upepo. Viganja vyao vimechanika, na sasa wanadai fungu lao kwa sababu wamevuta. Fungu la nini, sijui.

3. Mwanafunzi asirushe tiara ikiwa kuna watu upande unakoelekea upepo. Upande huo ndiko mama mkwe wangu, Mama Nyanchoka, anakoanika omena, wale dagaa wa ziwani, kando ya soko. Nilimfikia kifudifudi, nikiwa na kaptura tu, na kaptura yenyewe ilikuwa imebaki nyuma kidogo. Mila unaijua. Mkwe hata mkono simpi. Miaka yote hii nazunguka nyuma ya soko nisikutane naye, kumbe heshima yote hiyo nilikuwa naiweka niimalize juu ya omena wake. Aliinuka, akajifunika uso kwa leso, akaenda zake. Jioni hiyo mke wangu Dorine alimfuata mamake, na mtoto akaenda naye. Nyumba imenyamaza. Naumia, Mwenyekiti, nasema wazi.

4. Bwana Pieter anasema upepo unaomfaa mwanafunzi ni ule unaopita sambamba na ufuo. Wetu asubuhi unatoka nchi kavu, alasiri unatoka ziwani. Wa ubavuni hatukuletewa.

Kwa kuwa upepo hauna ofisi, naiomba kamati iugeuze ufuo kidogo. Ikishindikana, soko lihamishwe pamoja na omena. Hilo nalo likishindikana, basi kanuni ya kuachia ifutwe hapa Kisegi, na kamati imwandikie mama mkwe, kwa muhuri, kwamba aliyemwangukia siku ile alikuwa upepo wala si mimi, na kwamba binti yake ameolewa na mtu asiyeachia alichokishika.

Nisalimie mama watoto, wanakamati wote, na hata mweka hazina ambaye hanisalimii.

Ni mimi, ambaye bado nimeshika,
Levis Maranga

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, Dorine amekuja kuchukua nguo za mtoto. Nimemsomea barua yote nikitarajia machozi. Ameniuliza jambo moja tu: huyo mtu asiyeachia alikuwa wapi Alhamisi jioni, yeye alipotoka na mtoto mgongoni, akatembea polepole hadi kwenye kinu cha unga, akingoja ashikwe mkono? Nilikuwa kitandani, napaka magoti mafuta. Usiitishe kikao, Mwenyekiti. Ameshatangulia, na mzigo wa nguo nimeubeba mimi. Nikifika kwa mama mkwe nitasimama nje ya lango, nimevaa suruali ndefu, mpaka niitwe.