Yah: Kuoshwa Utumbo Wangu Jumamosi Hii

Mchafukoge, Dar es Salaam
Jumatatu

Kwa Shangazi Mauza,
Msemaji Mkuu wa Ukoo,
Duka la Vifaa vya Ujenzi, Tanga.

Shikamoo Shangazi.

Nianze kwa kuomba radhi. Swali lako, kwamba tumbo langu lina nini, uliniuliza mwezi wa Rajabu na leo Shaabani inakaribia kuisha. Siyo dharau. Barua hii nimeianza mara nne, na mara zote nne tumbo liliniita kabla sijamaliza salamu. Nimeamua kutumia karatasi kwa sababu ujumbe wa sauti huwa unaufungulia dukani kwa spika, na sioni vyema wanunuzi wa misumari wa Tanga wajue habari za choo changu.

Kwa ufupi, tumbo langu linanisumbua mwaka sasa. Linajaa gesi, linasokota, leo linagoma, kesho linaharisha. Nimepimwa kila kitu na majibu ni safi kuliko nyumba yangu. Daktari anasema ni utumbo mwepesi wa kuudhika. Hauna kidonda, una hasira tu. Ndipo jirani yangu wa ghorofa ya chini, Lalita, akaniambia kuna kliniki wanaosha utumbo. Unalala kitandani, wanaingiza mpira mwembamba kwa huko nyuma, maji ya uvuguvugu yanaingia na kutoka kwa dakika arobaini na tano. Nikaweka miadi ya Jumamosi. Mume wangu Nasor akakuambia. Ukakataza. Sasa nalalamika, kwa heshima zote, kama ifuatavyo.

1. Katazo ulilitoa kwenye kundi la WhatsApp la familia, lenye watu sitini na mbili, wakiwemo wakwe wa binti yako Maimuna ambao sijawahi kuonana nao. Mmoja ameshanipa pole. Mwingine ameuliza kama nimeandika wosia. Wa tatu anauza chai ya kupunguza tumbo.

2. Ulisema, nanukuu, "Kama dawa yenyewe ni mpira na maji, mpira ninao hapa dukani, nauza kwa mita, aje nimkatie." Watu kumi na tisa waliweka alama ya kucheka. Wa ishirini alikuwa Nasor. Huyo nimeshughulika naye mwenyewe.

3. Sanamaki uliyonitumia, ile dawa ya kuendesha tumbo, niliinywa kama ulivyoelekeza, kikombe kizima. Ilinikuta sokoni Kariakoo, nimeshika vitunguu mkononi. Sitaeleza zaidi. Muuza vitunguu siku hizi ananiamkia, "Mama Mbio, leo unakaa au unapita?"

4. Daktari naye mmemfanya shahidi wenu. Ni kweli alisema hakuna ushahidi kwamba kuosha utumbo kunatibu ugonjwa wangu, kwamba utumbo hujisafisha wenyewe, na kwamba mpira ukiingizwa vibaya unaweza kuumiza. Nilimsikia vizuri. Lakini dawa yake yeye ni ipi? Aliniambia niandike kila ninachokula kwa wiki mbili. Nikaandika. Jumanne: kingo za chapati alizobakiza mwanangu Ghassan. Chai, ikiwa imeshapoa. Ukoko, nimesimama. Nusu ya yai ambalo dada yake Zuwena alilitafuna kidogo akaghairi. Daktari alisoma kurasa zote, akavua miwani, akauliza, "Na chakula chako wewe kiko ukurasa gani?" Nikamwambia ndicho hicho. Akachukua kalamu, akaandika: mgonjwa ale amekaa, kwa utulivu, na apumzike. Shangazi, hiyo ni dawa gani kwa mtu mwenye watoto watatu? Bora angeandika sindano, ningejua pa kuinunua.

5. Mlango wa choo chetu hauna komeo tangu siku Ghassan alipojifungia ndani na baba yake akauvunja. Nasor anasema atatengeneza kesho. Kwa mwenye tumbo kama langu si jambo dogo. Nakaa nimeuzuia mlango kwa mguu wa kushoto. Zuwena yuko nje ananiuliza maswali kuhusu punda. Yule mdogo anayetambaa anapiga mlango kwa kijiko. Ghassan anapenyeza daftari kwa chini nitie sahihi. Mwalimu wake ameniita shuleni kuuliza kwa nini mzazi ana sahihi tatu tofauti.

6. Mwezi uliopita bomba la maji machafu la jengo letu liliziba. Wapangaji wote walikaa kikao. Wanaume tisa walisimama kulitazama, mikono kiunoni. Fundi akaja na mpira na maji, Shangazi, mpira na maji, na hakuna aliyeweka alama ya kucheka. Lilipozibuka tuliambiwa tusiliguse mpaka kesho yake ili lipumzike, na kila mtu alitii. Kwa barua hii naomba nihesabiwe kuwa bomba la jengo.

7. Ushahidi wa kitaalamu ninao. Nilimuuliza Lalita tumbo lake limeponaje. Akasema, "Tumbo? Tumbo linanguruma vilevile. Lakini Rania, nililala pale dakika arobaini na tano, mlango umefungwa kwa ndani, hakuna mtu aliyeniita." Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikapiga simu kliniki nikiwa bado nimesimama kwenye ngazi zake.

Kwa sababu hizo, naomba katazo liondolewe palepale lilipotolewa, mbele ya wote sitini na mbili, na Maimuna apande basi la Ijumaa aje anishikie watoto. Msimamo wangu haubadiliki.

Wasalimie wote nyumbani, na wa dukani pia, hasa yule mzee anayeuza rangi ambaye nasikia aliniombea dua kwa sauti katikati ya wateja. Mwambie nimeipokea.

Mimi mwanao, mtiifu siku zote isipokuwa Jumamosi,
Rania

Tanbihi: Nilikuwa nafunga bahasha, simu ikaita. Ni Candida wa mapokezi kule kliniki, msichana mwenye roho nzuri sana. Akasema, "Dada, usihangaike kutafuta mtu wa kubaki na watoto. Njoo nao wote. Tumetandika mkeka mlemle chumbani, utakuwa unaongea nao huku unaoshwa."

Nimefuta miadi. Katazo lako libaki, na daktari mwambieni alikuwa sahihi. Ninachohitaji bado, kwa basi lilelile la Ijumaa, ni hiki:

Komeo la chuma moja, lile refu, la kufungia kwa ndani.

Skrubu nane, siyo nne. Ghassan amekua.

Sahani moja yenye mfuniko mgumu kufunguka, ya kwangu peke yangu.

Mpira usinikatie.

Na Maimuna, kwa dakika arobaini na tano.