Noko Ilunga na Sista wa Chuo cha Uuguzi

Jamani, leo nimeaibika. Nimeaibika mchana kweupe, tena nikiwa nimefunga tai.

Mnajua leo Sista wa chuo cha uuguzi alikuwa hapa Nchelenge kuchagua wanafunzi. Mwaka jana nilikosa. Nikikosa tena mwaka huu, ni kuvuta nyavu tu mpaka uzee (na mimi na ziwa hatupatani, mnajua). Basi asubuhi nimeoga mara mbili. Nimepaka mafuta mpaka magotini. (Suruali ndefu, nani angeona? Lakini nimepaka.)

Tuliambiwa kila mtu aje na mkubwa wake. Mama ana homa, kwa hiyo akamtuma kaka yake, noko Ilunga, aliyevuka ziwa jana kutoka Zaire na samaki zake. Njiani nikamsihi: "Noko, ukifika kule ukae tu. Usiseme kitu."

"Miye? Niseme nini? Miye ni mutu ya kunyamaza."

Uongo mtupu! Noko akinyamaza, ujue amelala.

Sista ni mzungu, lakini amekaa Lubumbashi miaka mingi, Kiswahili anakimwaga kuliko sisi. Akaniuliza, "Miaka miwili haukusoma. Ulikuwa wapi?"

Jibu nilikuwa nalo tayari. "Malaria, Sista."

"Miaka miwili?"

"Malaria ya nguvu."

Noko akaguna. Nikamkanyaga chini ya meza.

"Unanikanyaga ya nini?" akauliza, kwa sauti.

Mwe bantu! Nilitamani ardhi inimeze. Noko akavua kofia, akamgeukia Sista kama anavyowageukia wanunuzi wake pale ufukoni.

"Sista, miye nauzisha samaki. Kama iko moja ya kuoza mu kitunga, naiweka juu. Mutu anaiona, anaitupa, anabeba ingine yote na roho moja. Ukiificha chini, kesho haumuone tena. Huyu mutoto hakuwa na malaria."

"Noko, tafadhali..."

"Nyamaza, nakuuzisha!"

Akaanza. Baba yangu alivyokufa ziwani. Mimi nilivyoacha kusema, mwaka mzima, hata neno moja. Shule nikaacha. Hapo bado nilikuwa navumilia, maana Sista alikuwa ameinamisha kichwa kwa huruma. Lakini noko hajui kuishia katikati.

"Na usiku alikuwa anakojoa mu mukeka. Kila siku! Mama yake anauanika inje, batu yote ya njia banaona. Mutoto mukubwa, na ndevu ilikuwa karibu kutoka."

(Ndevu! Nilikuwa na miaka kumi na miwili.)

Madirisha ya chumba kile hayana vioo. Nje walikuwa wamepanga mstari wenzangu wote, na yule msichana Bwalya akiwa wa kwanza. Ndiyo, Bwalya yuleyule. Msinitazame hivyo.

"Alisema tena lini?" Sista akauliza.

"Pale kliniki ya Kafutuma. Mama mumoja wa kliniki alikuwa anamukalisha karibu na batoto ya kuchomwa shindano. Siku moja katoto kamoja kanalia sana. Huyu akakashika mukono, akasema, 'Inaisha sasa hivi.' Mama yake alianguka chini na furaha. Kuanzia pale anataka kazi ya kliniki tu. Haiko ingine."

Mimi mwenyewe macho yalikuwa yameanza kunilowa. Nikasema moyoni, noko kumbe ameniokoa.

Sista akaweka kalamu chini. "Na ile ya kukojoa?"

Jamani, sijui nini kilinipata. Nilisimama wima kama askari, nikapiga kelele:

"SIKOJOI TENA, SISTA!"

Noko akainua mkono wa kuapa. "Ni kweli. Jana tulilala mukeka moja. Asubuhi nilijipapasa mwili yote."

Nje walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Bwalya ndiye aliyecheka zaidi. Ana kicheko kizuri, hata hivyo.

Baadaye Sista akatoka barazani kusoma majina ya waliochaguliwa. Jina la kwanza, langu! Noko akarusha kofia, akapiga vigelegele kama mama wa bibi harusi. Nilimkumbatia. Nilikuwa namkasirikia, nikamkumbatia hivyohivyo, na bado nina furaha mpaka mashavu yanauma. Nimepata, jamani! Na Bwalya naye amepata.

Halafu Sista akasema mbele ya watu wote, bila hata kutabasamu: "Kila mutu alete shuka mbili." Akanitazama. "Wewe, ine."

Nne, mimi peke yangu! Basi, msicheke. Mwenye shuka ya kuniazima aseme.