Ombi la Kurudishiwa Kadi ya Picha Isiyotambua Sura za Watu

Pasiansi, Mwanza
Machi 1999

Ndugu Mkuu wa Chuo cha Kompyuta,

YAH: KADI YA PICHA ILIYOZIDISHA UHODARI

Natumaini wewe na wanafunzi wako hamjambo. Mimi mwili ni mzima. Heshima ndiyo inayoumwa.

Utakumbuka kuwa mwezi uliopita ulinialika, mimi Mwenyekiti wa Mtaa, niwe mgeni rasmi siku ya kuchagua kadi ya picha, yaani kile kibao kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili michoro itokee vizuri kwenye kioo. Kilikuwa cha kompyuta ya wanafunzi wanaotengeneza michezo. Kabla ya kuchagua, binti Rebeka alituonyesha mchezo wake kwa kadi ya zamani: mzee mmoja mnene anapita ufukweni, anakusanya mabuti ya mpira waliyopewa vijana wa kung'oa magugu maji, anakwenda kuyaficha, na mchezaji anamfukuza. Mzee huyo alikuwa mraba wa kahawia wenye kofia. Nilicheka mpaka nikaletewa maji.

Bwana Natvarlal, mwenye duka pale Mabatini, akaweka kadi mbili mezani. Akaniambia, "Mzee Mwenyekiti, hii ndogo ni kama ile ya zamani, inatosha kuandikia barua. Kwa mchezo chukua kubwa. Hii inaonyesha mpaka jasho."

Rebeka akasema kwa sauti ya chini kwamba ndogo itafaa tu, yeye hana makuu. Mimi nikasimama. "Watoto wetu hawawezi kuonyeshwa dunia nusunusu," nikasema. "Wekeni kubwa!" Makofi yalipigwa, na nakiri niliyafurahia.

Sasa nalalamika kama ifuatavyo:

1. Siku ya maonyesho, mbele ya mtaa mzima, ule mraba ulipata shingo. Ukapata mashavu. Halafu likatokea kovu juu ya jicho la kushoto, ambalo Mwanza nzima ninalo mimi peke yangu. Mama mkwe wangu, Bibi Suzana, ambaye macho yake siku hizi hayamtambui hata padri, alisogea mpaka kwenye kioo akasema kwa sauti, "Baba Yeremia, umeingiaje humo? Na hayo mabuti ya nani?" Nilimwamkia shikamoo ili kubadilisha mazungumzo. Marahaba yake ilikuwa fupi mno.

2. Kadi hii haina adabu kwa viongozi. Inalichora tumbo langu kutoka pande zote, hata upande ambao mimi mwenyewe sijawahi kuuona.

3. Kuhusu mabuti yenyewe, hayakuibwa. Niliyahifadhi mahali salama baada ya kugundua kuwa vijana walikuwa wakiingia nayo majini na yanalowa.

4. Nilimwita Rebeka ofisini nimkanye. Akaja, akaniamkia vizuri, akasema, "Lakini mzee, si nilisema ndogo itafaa?" Nikamwagiza katibu wangu asiliandike hilo, kumbe alikuwa ameshaliandika.

5. Siwezi tena kupita sokoni. Wauza dagaa wananiuliza kama nina mabuti ya namba nane. Jana, kwenye mkutano wa mtaa, nilipouliza kama kuna swali, mzee Paulo akanyoosha mkono: "Mwenyekiti, ukishakamatwa mara tatu, mchezo unaisha au unaanza upya?"

6. Tulikubali soko huria lituletee mitumba, televisheni na soda za makopo. Hakuna aliyetuambia kwamba litaleta na ushahidi.

Kwa hiyo naomba kadi kubwa ing'olewe na ile ndogo iwekwe. Pia chuo kianze kufundisha kwamba kadi bora ni ile isiyomtambua mtu yeyote. Ikishindikana, wanafunzi wachore miraba tu kwa miaka miwili, kama sehemu ya uzalendo. Hilo nalo likishindikana, wenyeviti wote kutoka hapa mpaka Buswelu waingizwe kwenye mchezo, ili tufukuzwe kwa usawa.

Wasalimie walimu wote, binti Justa wa mapokezi, mlinzi wa getini, na Rebeka pia, lakini kwa mbali.

Wako, ninayeonekana kuliko nilivyotaka,

Malimi Ngosha
Mwenyekiti wa Mtaa

Nyongeza: Barua hii imechelewa kwa sababu mke wangu, Getruda, ameisoma. Amekwenda mwenyewe kwa Bwana Natvarlal na kuagiza kadi kubwa kuliko hiyo, tena kwa gharama yetu. Anasema mwisho wa mchezo kuna mwanamke mlangoni anayempokea yule mzee mabuti, na kwa kadi ya sasa uso wake hauonekani sawasawa. Anasema kitenge alichovaa mwanamke huyo si cha kwake yeye, na mlango ule si wetu. Nakuomba uipokee kadi hiyo, ila isifungwe kabla sijaondoka kwenda Ukerewe.