Habari za Fundi Njookesho na Lango la Saa Nne

Tegeni masikio, enyi mliokaa na enyi mlioegemea, enyi wenye shughuli na enyi mnaojisingizia shughuli! Acheni sufuria zichemke zenyewe, acheni simu zilie hadi zichoke. Vita vya wafalme mmekwisha kusimuliwa, na majemadari waliovunja ngome wamesifiwa hata sifa zenyewe zimechacha. Leo tunanena habari za mtu mmoja mwenye kitambi cha kiasi, fundi cherehani kwa kazi, aliyeogelea, akaendesha baiskeli, kisha akakimbia, yote hayo asubuhi moja, na asife.

Mji mzima ulimwita Njookesho. Jina hilo alibandikwa na mwenye bucha wa mtaani, bwana wa shoka na mizani, siku alipofuata suruali yake kwa mara ya tisa na kwa mara ya tisa akaambiwa, "Njoo kesho." Fundi hakuwa mvivu, asisingiziwe. Mkono wake ulikuwa wa dhahabu na mshono wake haukujua kupinda; ila tangu dunia iumbwe hakuna vazi lililowahi kutoka dukani mwake siku aliyoitaja kwa kinywa chake mwenyewe.

Jina alilibeba miaka mingi bila kuumia, mpaka binti yake, mwanawe wa pekee, msichana wa miaka kumi na sita mwenye ulimi wa wembe, aliporudi kutoka shuleni akatupa mkoba juu ya meza ya kukatia.

"Baba, mimi nimechoka. Leo nimechelewa dakika mbili tu, mwalimu akasema, 'Mtoto wa Njookesho huyo, hatushangai.' Darasa zima likacheka. Hivi kuna kitu chochote umewahi kumaliza kwa wakati? Kimoja tu, nitajie."

Fundi akauondoa mkoba mezani, akaupangusa chaki. Sindano zilikuwa zimemchoma vidole kwa miaka ishirini, na zote pamoja hazikumuuma kama swali lile. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, mbele ya mtoto aliyemlea kwa mikono yake.

Siku ya pili akaona tangazo ukutani mwa duka la dawa. Triathloni ya mji, kwa watu wa kawaida: mita mia tatu za kuogelea katika bwawa la shule, kilometa kumi za baiskeli, kilometa tatu za miguu, kuanza saa mbili asubuhi. Na chini kabisa, kwa herufi nene: LANGO LITAFUNGWA SAA NNE KAMILI. ATAKAYECHELEWA HATAANDIKWA.

Akarudi dukani, akasimama katikati, mkasi mkononi, akayahutubia makoti yaliyotundikwa.

"Nisikilizeni, enyi mnaosubiri vifungo! Mimi mshika mkasi, bwana wa futi na chaki, nitashuka vitani na maji, na magurudumu, na barabara! Na kabla saa nne haijatimia nitalipita lango lile kwa miguu yangu miwili, na mwanangu atashuhudia!"

"Unaongea na nani huko?" akauliza binti kutoka nyuma ya pazia.

"Naongea na historia!"

"Haya. Ukimaliza, chai inapoa."

Kwa wiki sita fundi akajinoa. Na kwa kuwa shujaa haazimi silaha za wengine, akajishonea vazi la vita la kipande kimoja, la kitambaa cheusi cha kuvutika, mapaja wazi, na mifuko sita.

"Mifuko ya nini kwenye maji?" binti akauliza.

"Nguo isiyo na mfuko ni gunia, mwanangu. Sikuzaliwa kuvaa gunia."

Vazi lilikamilika asubuhi ya mashindano, saa mbili kasoro dakika nne, ukingoni mwa bwawa, mwenyewe akiwa ameshalivaa. Sindano na uzi uliobaki akavichomeka kwenye mfuko wa kifuani, maana hapakuwa na pa kuviweka.

Mshika saa wa siku hiyo alikuwa mkunga mstaafu, mama aliyeipokea nusu ya mji ule duniani na kuandika dakika ya kila mmoja, wala hakuna aliyewahi kusikia ameongeza wala kupunguza. Akapuliza kipenga. Mashujaa thelathini na mmoja wakajitosa, na maji yakapiga ukelele.

Ole wake mshona mifuko! Mfuko wa kwanza ukajaa, wa pili ukajaa, na kabla ya kugusa ukuta wa pili fundi alikuwa anavuta ndoo sita za maji ya serikali. Alipiga mikono, alipiga miguu, akasonga kwa mwendo wa kabati linalohamishwa. Mwokoaji akamfuata kwa juu ukingoni, boya mkononi.

"Mzee, unazama?"

"Sizami!" akanguruma fundi, akameza maji, akayatema. "Nasonga mbele kwa chini!"

Akatoka wa mwisho. Akaipindua mifuko mmoja mmoja, akayamwaga maji, na hapo likampata jaribu ambalo hakuna mwalimu wa mazoezi aliyemwonya nalo. Wenzake walikuwa wametupa taulo zao chini na kurukia baiskeli. Fundi akajifuta, kisha mikono yake, bila kumwomba ruhusa, ikalikunja taulo mara nne, pembe kwa pembe, ikalipapasa likalala. La jirani yake lilikuwa limejikunyata kwenye vumbi. Akalikunja nalo. Akaanza la tatu.

"Baba!" Binti yake alikuwa amesimama mbali, kando ya kibanda cha soda, ili asijulikane ni wa nani, lakini hapo uvumilivu ulimwisha. "Baba, acha kukunja! Watu wameshaondoka!"

"Vita havihalalishi makunyanzi, mwanangu!" akajibu shujaa, lakini akatii, akapanda farasi wake wa chuma.

Ya baiskeli ni mengi, nasi tutayafupisha kwa heshima yake. Kilima kilicho nyuma ya kituo cha mafuta kilikuwa kimewavunja wengi nguvu. Yeye hakukipa nafasi hiyo. Alishuka mapema, akakipanda kwa miguu huku akisukuma baiskeli na kukitukana. Saa tatu na nusu alikuwa ameanza kukimbia, ikiwa kile tutakiita kukimbia.

Katikati ya njia, zikiwa zimebaki kilometa moja na nusu na dakika kumi na tisa, akamkuta mwenye bucha. Naam, yule yule bwana wa shoka, naye akiwa mashindanoni siku hiyo. Alikuwa amesimama mgongo ukutani, mikono nyuma, jasho likimtiririka. Bukta yake ya kununua dukani ilikuwa imeachia mshono, kuanzia kiunoni hadi mahali ambapo kalamu yetu inaona haya kufika.

"Nipite tu, fundi," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi hapa siondoki. Mama mkwe wangu yuko pale langoni."

Pima nawe, msikilizaji! Huyu ndiye aliyempa jina. Akimpita, atafika na dakika za kubaki, na hatakuwa wa mwisho. Fundi akavuta pumzi, na ulimi wake, kwa mazoea ya miaka ishirini, ukaanza wenyewe: "Niletee dukani, halafu uje ke..."

Akaufunga mdomo. Akaingiza mkono mfuko wa kifuani.

"Geuka."

"Itachukua muda gani?"

"Dakika tano."

"Dakika tano zako," akauliza mwenye bucha, "au dakika tano za watu?"

Fundi alikuwa ameshatunga uzi sindanoni. Alipiga goti barabarani, sindano ikapanda, sindano ikashuka, huku akina mama waliotoka sokoni wakisimama kutazama na kutoa ushauri. Dakika nne na nusu. Akakata uzi kwa meno, na tangu ashike cherehani hiyo ndiyo kazi ya kwanza aliyoikabidhi saa aliyoitaja.

"Fundi..." mwenye bucha akaanza, machozi yakimlengalenga.

"Hotuba baadaye! Kimbia!"

Mwenye bucha, mwenye miguu mirefu, akatangulia. Fundi akafuata, mapafu yakimlaani, kitambi kikifika kila mahali kabla yake na magoti baada yake. Mbele akaliona lango, na mkunga ameshika mnyororo kwa mkono mmoja na saa kwa mwingine, akihesabu kwa sauti ile ile aliyowaambia nayo akina mama wasukume.

"Kumi na tano! Kumi na nne!"

Hapo kibanda cha soda kikamkosa mteja. Binti akapenya watu kwa viwiko, akafika mbele, akapaza sauti hadi mji ukageuka:

"Baba, kimbia! Pisheni, huyo ni baba yangu! Huyo ni baba yangu!"

Aliyasikia. Hatujui miguu ilitoka wapi, ila ilikuja. Mkunga alipotamka "Tatu," fundi alikuwa upande wa pili wa mnyororo, kifudifudi kwenye nyasi, akilia bila kuficha.

"Wa thelathini na moja," mkunga akatangaza huku akiandika. "Saa tatu, dakika hamsini na tisa, sekunde hamsini na saba. Kwa wakati."

"Hilo la mwisho andika kubwa, mama," akasema binti, simu tayari mkononi. "Nataka kumtumia mwalimu picha." Kisha akachuchumaa, akamfuta baba yake majani usoni kwa kiganja. "Inuka basi, watu wanaangalia."

"Waache waangalie," akasema fundi.

Na waliangalia. Iandikwe basi, wajukuu wasome, na miji mingine ikatafute shujaa wao: katika watu thelathini na mmoja, mtu wetu alikuwa wa mwisho, na hakuchelewa.