Shati Lililofuliwa kwa Mikono

Jumatatu, 4 Machi

Leo adui ameingia dukani kwangu akiwa amebebwa na wanaume wanne. Mashine ya kufulia! Nyeupe, ina kioo cha duara tumboni. Aliyeileta ni shemeji, kaka wa mke wangu, mtu ambaye hajawahi kufua hata soksi. Mke wangu anasema wateja wanahamia kwa dobi wa kona ya pili, mwenye mashine, tena amechoka kuona mikono yangu ikipasuka kwa sabuni. Nikamwambia mikono hii ndiyo iliyomlisha. Akasema anajua, ndiyo maana anaihurumia. Nikanuna. Beseni langu limehamishiwa uani, juani, kama mpangaji aliyefukuzwa.

Jumanne, 5 Machi

Wateja wanaingia, wananipita, wanakwenda kuchungulia kioo. Nguo zinazunguka, wao wanatabasamu. Muuguzi, mteja wangu wa tangu zamani, ameomba sare zake zifuliwe "na ile". Ile! Shemeji naye kakalia kiti changu, anaeleza vitufe kana kwamba ndiye aliyeiunda. Uzalendo ukanishinda. Nikamwambia mbele za watu: mashati mawili meupe, madoa yaleyale ya chai na mafuta. Yeye kwa mashine, mimi kwa mikono. Kesho kutwa mwalimu mkuu aamue. Mwalimu mkuu ni mteja mkali. Kola ikipindishwa kidogo atakusomesha mpaka usahau ulikuja kufanya nini duniani. Mke wangu alitikisa kichwa. Nadhani kwa fahari.

Jumatano, 6 Machi

Siku nyeusi. Shemeji kafua lake, kamaliza, kaenda zake kunywa chai. Mimi nimesugua asubuhi nzima, doa limenikodolea macho tu. Nilipoinuka kubadilisha maji, mgongo ukalia "kwa!" ukagoma. Nikabaki nimejikunja kama mpini wa mwavuli. Mke wangu alikuwa sokoni. Duka tupu. Mashine ikanitazama. Nikajisemea: mara moja tu, ya kumalizia.

Nikalitumbukiza shati, nikabonyeza vitufe kama shemeji alivyoeleza (sikuwa nikimsikiliza, ila ana sauti kubwa). Mara mke wangu huyo mlangoni! Nikavuta kile kimlango cha kioo. Wapi! Kimejifunga. Nikaburuta kigoda, nikaketi, nikaziba kioo kwa mgongo. Ndipo mashine ikaanza kukamua. Meno yaligongana. Mke wangu akauliza natetemeka nini. Nikasema, "Ho-ho-homa." Akanigusa paji la uso, akaenda kunipikia uji. Nilimwonea huruma, maskini, kudanganyika kirahisi vile.

Alhamisi, 7 Machi

Ushindi! Mwalimu mkuu kayageuza mashati, kayanusa, kayapeleka kwenye mwanga. Kisha kidole kikaangukia langu. Kasema kazi ya mikono haijifichi, ina roho ndani yake. Na yote mawili yametoka tumbo moja! Shemeji kanywea kabisa. Nimempa pole kwa sauti iliyofika barabarani.

Halafu mwalimu mkuu akaongeza: kwa kuwa ameridhika, mapazia ya shule yataletwa kesho. Yote. Yafuliwe kwa mikono tu. Kicheko kikanikauka mdomoni.

Ijumaa, 8 Machi

Mapazia yamejaza ua. Mazito, yamelewa vumbi la chaki. Nimefua moja, nikaketi chini kupumzika. Kuinuka nikashindwa. Mke wangu kaja. Kayabeba mapazia kuyapeleka kwenye mashine, kaenda, karudi, kaenda, karudi, mimi nimekaa kama mzigo uliosahauliwa stendi. Alipomaliza akaja kunikanda mgongo kwa mafuta ya uvuguvugu. Akaniuliza kwa upole, "Ile homa ya juzi imepona, au inasubiri kukamua tena?"

Anajua! Alijua tangu aliponigusa paji. Nilitamani ardhi inimeze. Akasema hashindani nami. Anachotaka ni nizeeke nikiwa bado naweza kuinuka kitini mwenyewe. Nikamwahidi kwamba kesho mwalimu mkuu ataambiwa ukweli wote. Niliahidi kwa moyo mmoja, machozi yakinilengalenga.

Jumamosi, 9 Machi

Mwalimu mkuu kaja kuchukua mapazia. Kayapapasa kama mtu anayepapasa mtoto mchanga. Kasema hajapata kuona usafi wa namna hii, na ananialika kwenye mkutano wa wazazi nifue mbele yao, wajifunze heshima ya kazi ya mikono. Mke wangu kanikazia macho. Nikafungua kinywa kusema ukweli. Kilichotoka: "Nitafurahi sana, mwalimu."

Mke wangu yuko jikoni. Sufuria zinamsemea.

Hata hivyo hakijaharibika kitu. Nimempigia simu shemeji, nimemwuliza kama zipo mashine ndogo zisizo na kelele, za kuingia chini ya meza yenye kitambaa kirefu. Kataka kujua ni ya nani. Nimemwambia ni ya rafiki yangu mmoja, mgonjwa wa mgongo.