Msafara wa Mgonjwa Mahututi

Ninayo furaha kuwatangazia wananchi wote kwamba hospitali yetu imezindua rasmi Mpango Kabambe wa Kuhamisha Wagonjwa Mahututi kwa Usalama na Heshima. Mimi, afisa itifaki, nilikuwepo tangu hotuba ya ufunguzi hadi lifti ilipokwama.

Zamani mambo yalikwenda kiholela. Mgonjwa akizidiwa, manesi walimkimbiza tu, bila hata kumtaarifu Mwenyekiti wa Bodi. Kamati ya Bodi ikaona hiyo ni fujo. Ikaazimia kwamba mgonjwa mahututi atasafiri kwa msafara: Mwenyekiti mbele, wajumbe, mpiga picha, kisha mgonjwa mwenyewe, endapo nafasi itaruhusu.

Bahati ya uzinduzi ilimwangukia fundi cherehani mmoja aliyetoka kupasuliwa tumbo. Alitakiwa apelekwe chumba cha wagonjwa mahututi, ghorofa ya juu. Nesi alikuwa akimsaidia kupumua kwa kuminya mpira wa hewa. Mkewe alikuwa ameng'ang'ania machela.

"Mheshimiwa, tupishe," nesi alisema. "Presha yake inashuka."

"Itashuka kwa utaratibu," Mwenyekiti alimjibu kwa upole. "Kwanza picha. Mgonjwa atabasamu kidogo."

"Baba, huyu hajitambui!" mkewe akamaka.

"Basi tabasamu wewe, mama."

Hakutabasamu. Tulipiga hivyo hivyo.

Lifti ikafunguka. Mwenyekiti akaingia, wajumbe wakaingia, mpiga picha akajibana. Mimi nikabaki nje kusimamia nidhamu. Machela haikupata pa kuweka hata gurudumu.

"Nyinyi mtafuata awamu ya pili," Mwenyekiti akasema, na mlango ukajifunga. Lifti ikapanda kidogo, ikagugumia, ikanyamaza. Kisha tukasikia ngumi zikigonga chuma.

Mke wa fundi hakuwa na muda wa awamu.

"Sista, ile njia ya mteremko ya kupandishia mikokoteni ya nguo za kufua inafika huko juu?"

"Inafika."

"Twende!"

Niliwakumbusha kwamba njia hiyo haijazinduliwa.

"Kaka yangu, shika hapa usukume," yule mama akaniambia. Kwa sababu ambazo bado nazitafakari, nilisukuma. Tulipanda mteremko ule tukihema kama punda, tai yangu imenirukia begani, nesi akiminya mpira bila kupumzika. Mgonjwa alikuwa ameanza kubadilika rangi ya midomo. Sikumbuki kama nilimwita mtu yeyote mheshimiwa.

Tulifika. Daktari akampokea, mashine ikachukua kazi ya kumsaidia kupumua, na presha ikaanza kupanda, bila idhini ya kamati. Mkewe akakaa chini sakafuni, akalia kimyakimya.

Nilirudi chini. Mafundi wa lifti walipofanikiwa kuifungua, Mwenyekiti alitolewa hoi kwa joto, macho yamelegea, kifua kinambana. Nesi akaja na machela mbio. Hapo nikakumbuka wajibu wangu. Nikanyoosha mkono.

"Sista, subiri kidogo. Wajumbe kwanza, halafu mpiga picha, halafu..."

Mwenyekiti akainua kichwa. "Toka njiani, mwehu wewe! Unataka nife?"

Ndiyo hotuba yake fupi kuliko zote, na wajumbe waliielewa papo hapo. Walijibandika ukutani kama mabango.

Akalazwa kitanda cha jirani na fundi. Mke wa fundi akamgeukia, akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Pole, shemeji," akasema. "Sisi tulidhani umetutangulia."

Mwenyekiti akafumba macho, akajifanya amezidiwa.