Nitakuonyesha, Mpenzi

Jumatatu, 3 Machi
Muiruri wangu ametabasamu akiwa usingizini. Mume gani huyu! Leo nimepeleka hadithi yangu ya mapenzi kwa kikundi chetu cha waandishi, nyuma ya duka la vitabu la Madam Reena hapa Nakuru. Jumamosi hadithi moja itasomwa mbele ya watu. Lazima iwe yangu. Muiruri akae kiti cha mbele, asikie ninavyompenda! Madam Reena alisoma, akavua miwani. Akasema nimeandika "anampenda sana" kila mstari na yeye bado haamini. Nisiseme tu. Nionyeshe. Sue, mwenzetu wa kikundi, alicheka mpaka akakohoa, akaniuliza kama mimi, bibi arusi mpya, nina hadithi au nina homa. Ngoja tu, Sue.

Jumanne, 4 Machi
Nimefuta mapenzi yote. Sasa ni kuonyesha tu! Kurasa tatu: mwanamume anamenya viazi, mwanamke amesimama mlangoni, anaitazama shingo yake. Hasemi kitu. Kisu kinameremeta. Nikampigia mama mkwe kule Dundori, nikamsomea. Akauliza kama huyo mwanamume atakufa.

Jumatano, 5 Machi
Nimegundua kosa! Siwezi kuonyesha kwenye karatasi kitu ambacho sijakionyesha nyumbani. Nikapika kuku, nikavaa ile nguo ya manjano, nikamtumia Muiruri ujumbe kazini: "Leo usichelewe. Nitakuonyesha!" Hakuja. Kuku akapoa. Mwishowe simu, lakini ya Mama, yule mama mkwe wangu. "Cherop, mwanangu, huyu kijana amekukosea nini? Amejifungia stoo yangu ya viazi, anasema ameambiwa ataonyeshwa." Na Muiruri amekiri yote kwake: ndiye aliyevunja sahani ya maua tuliyopewa na shangazi yangu, na vipande anavyo. Ile sahani! Mimi nililaumu paka.

Alhamisi, 6 Machi
Amerudi! Gunia la viazi begani, sahani mkononi, imeunganishwa kwa gundi, ua moja limeangalia chini. Nikamwambia nilimaanisha nakupenda. Akauliza kwa upole, sasa kwa nini sikusema hivyo? Nikambusu, nikakimbilia kalamu. Nimeandika ujumbe, kuku, stoo, lile ua. Yote nimeyaonyesha. Halafu nikaweka sentensi moja wazi kabisa: alikuwa anampenda. Madam Reena amesoma na hakuvua miwani. Anasema sahani ameiona mwenyewe, lakini bila kuambiwa maana ya ule ujumbe, hata yeye angejificha.

Jumamosi, 8 Machi
Imesomwa! Yangu! Sue alicheka mpaka akakohoa, na safari hii alicheka mahali panapofaa. Ilipofika ile sentensi, Muiruri alisimama mbele ya umati, akatangaza kuwa huyo ni yeye. Mama alimvuta shati akae chini, huku anapangusa macho.

Jumapili, 9 Machi
Nimewaza. Mama alimtunza Muiruri wangu kwenye stoo, akampa gundi, akaja mpaka mjini kwa ajili yangu. Naye aonyeshwe mapenzi! Nimemtumia ujumbe: "Mama, uje Jumapili ijayo. Sasa ni zamu yako. Nitakuonyesha!"

Hajajibu. Muiruri amesikia kwamba ameondoka ghafla kwenda kwa dada yake Elburgon, na mizigo.

Bila shaka ameenda kuazima nguo nzuri.